Kiti cha Falaji na Wadhamini Wangu Kumi

Mtacheka, najua, lakini nakuombeni msinikatize, kwa sababu nikikatizwa katikati nitaacha, na habari hii nimeikalia miezi saba bila ya kumwambia mtu, hata mwanangu Muna anajua nusu yake tu. Mie mtu mzima wa miaka sitini na tisa, mjukuu ninaye, serikalini nimefanya kazi mpaka nikaagwa kwa cheti na saa ya ukutani (saa yenyewe haiendi), nimekwenda kujiumbua mbele ya wanaume arobaini, mchana kweupe, baada ya sala ya alasiri, na halwa nimeipakata mapajani kama mtoto. Na aibu yenyewe ninayoiona wala si ya wale walionicheka. Kuchekwa nishazoea, Kiarabu changu pekee kinatosha. Iko nyengine, nitaifikia.

Kwa asiyenijua, mie nimezaliwa Unguja mjini, nikaja Oman kijana wa miaka kumi na saba, nikakaa Maskati umri wangu wote, nikaoa, nikapata mtoto mmoja. Alipofariki mke wangu, Zuhura, nyumba ya Maskati ikawa haikaliki, kila kikombe ninachokigusa ni chake, basi nikamwachia Muna na mumewe, nikaja kukaa kwenye shamba la marehemu baba, kwenye kijiji kidogo nje ya Ibra, mitende arobaini na kitu na nyumba ya vyumba vitatu, cha mbele ndio majlisi, cha kupokelea wageni. Nikajiambia, hapa ndipo kwetu hasa, babu yangu alizaliwa hapa, jina la ukoo wangu ni jina lao, hapa nitapata watu. Kwetu Unguja mtu akihamia mtaani, siku ya kwanza tu anasikia hodi, huyu kaleta sahani ya wali, yule kaleta bajia, na kila mmoja kaja hasa kutizama una vyombo gani. Na mie nikaosha sahani zangu nzuri za kurudishia (maana sahani ya jirani hairudi tupu), nikakaa kungojea hodi. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Mpaka mwaka wa tatu, hodi hakuna. Msikitini tunasalimiana vizuri sana, salamu ndefu za huku, habari zako, habari za nyumba, umesikia nini, hakuna jipya, alhamdulillahi, halafu kila mtu anavaa viatu vyake anakwenda zake. Mimi narudi nyumbani nawasha redio, na wakati mwengine namjibu mtangazaji.

Sasa kijiji chetu kinamwagilia kwa falaji, yaani mfereji wa zamani unaoleta maji kutoka mlimani, na kila shamba lina zamu yake ya saa na dakika. Mie nina nusu saa kila baada ya siku nane. Mambo ya falaji yanaendeshwa na kamati ya watu watano, mkubwa wao anaitwa wakili, na wakili wetu ni Mzee Hilali, mtu mfupi, mpole, sauti yake ndogo lakini akisema watu wananyamaza. Mmoja wa wale watano alihamia Sur kwa mwanawe, kiti chake kikabaki wazi. Likatoka tangazo kwenye kundi la simu la wenye falaji: anayekitaka kiti alete karatasi yenye majina kumi ya wanaomdhamini, na sahihi zao. Hakujitokeza mtu. Wakaongeza muda, hakujitokeza mtu. Nani anakitaka? Kazi yenyewe ni kuamua ugomvi wa watu walioibiana dakika tano za maji, na kutembea kwenye tope kutafuta mfereji umeziba wapi, na shukrani hupati. Wenyeji wanaijua, wanaikimbia.

Mie nikalisoma tangazo lile mara nne, na wala sikuona ugomvi wala tope. Niliona kitu kimoja tu: kwamba kila Ijumaa baada ya alasiri watu watano wanakaa pamoja wanakunywa kahawa, na mmoja wao asipofika wale wanne wanaulizana, "Fulani yuko wapi leo?" Wallahi hilo tu ndilo lililonivuta. Nilitaka na mie niwe mtu wa kuulizwa yuko wapi.

Nikajibu kwenye kundi, "Mimi nipo." (Nilikaa na simu mkononi mpaka magharibi, walionijibu ni wawili, mmoja kwa kidole gumba na mwengine kwa ua.) Kesho yake nikatoka na karatasi yangu, nia yangu nianzie kwa jirani wa ukuta mmoja. Nimefika mlangoni kwake, mkono nishaunyanyua kubisha, mara nikasikia watu ndani wanacheka, kicheko cha watu waliokaa kitako wakaridhika, na mkono ukanishuka wenyewe. Nitasema nini? Miaka mitatu sijabisha mlango huu, leo ninabisha kwa kuwa nina haja? Nikaona haya. Nikageuka. Nikajiambia, acha nianze kwa Mannan, awe wa kwanza tu wa kuifungua karatasi, halafu nikiwa na jina moja nitapata moyo wa kuja kubisha. Na hapo ndipo nilipoharibu, kwenye uamuzi mdogo kama huo.

Mannan ni fundi cherehani, Mbangladeshi wa makamo, ana duka lake la kushonea kanzu barabarani karibu na pampu ya mafuta. Mwanzo nilikwenda kwake kupunguza kanzu, maana baada ya msiba nilikonda zote zikawa zinanipwaya, akanipa chai ya maziwa, na kesho yake nikarudi bila ya kanzu. Tangu hapo ikawa kila siku saa kumi na moja jioni niko kwake. Kiarabu chake cha kuungaunga, changu mie cha lafudhi ya Unguja wanakicheka, basi sisi wawili tunazungumza bila ya kuogopana, yeye ananieleza mafuriko ya kwao na binti yake anayesomea uuguzi, mie namweleza Zuhura. Siku sukari iliponishuka nikaanguka mlangoni kwake, ni yeye aliyefunga duka, akanitia kwenye teksi, akakaa nami hospitalini mpaka Muna alipofika kutoka Maskati.

Akaifuta meza, akaandika jina lake polepole, herufi nzuri zilizonyooka, kisha ndiyo akauliza, "Hii ya nini?"

"Ya maji," nikamwambia. "Nataka kuingia kamati ya falaji."

"Utakuwa mkubwa wa maji?"

"Mmoja wa wakubwa."

Alifurahi yule mtu! Akashika kichwa, akacheka, akaniambia, "Basi kanzu ya mkutano nashona mimi, na usinambie bei." Akanipima upya palepale, ingawa vipimo vyangu anavijua.

Basi jina la kwanza lilikuja kirahisi hivyo, na la pili likaja kirahisi zaidi, kwa sababu palepale aliingia Daktari Osman, Msudani wa duka la dawa, kufuata suruali yake, na yeye akatia sahihi bila ya kuuliza kitu (Wasudani watu wa heshima). Nikasema, wawili. Akaja mwalimu wa Kimisri, akatia. Nikavuka barabara, keshia wa pampu akatia, kinyozi akatia. Jumanne akaja muuza samaki wa Ashkhara, anayepita kila wiki na gari lake la nguru na papa mkavu, akanambia, "Chukua kwanza samaki ndio tuzungumze," nikachukua papa ambaye mpaka leo sijamla, akatia. Dereva wa gari la gesi akatia, na mwenzake anayeshusha mitungi akatia. Nikabakisha wawili, na Mungu akaniletea watu wawili wa Sur, wa mtaa wa Aija, waliosimama msikiti wa barabarani kusali safari, na mmoja wao nikamsikia anamwambia mwenzake "yakhe, n'ngoje." Masikio yangu hayakuamini. Mama yake wa Pemba! Nilimshika mkono yule bwana, tukazungumza Kiswahili kwenye jua mpaka mwenzake akaanza kupiga honi, na kabla ya kumwachia nikamtoa sahihi, na ya mwenzake pia, kwenye dirisha la gari.

Kumi. Nikaihesabu mara mbili. Tangazo lilisema majina kumi, halikusema kumi gani. Kila mwenyeji anajua ni kumi gani, wenye mashamba wa hapahapa, ndiyo maana hakuna aliyejisumbua kuandika. Na mie moyoni nilijua pana kasoro, sitakudanganyeni. Lakini nilishapita mara mbili mbele ya mlango wa jirani na mara zote mbili nikajifanya natizama mitende.

Usiku ule Muna akapiga simu kama kawaida yake.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Nimedhaminiwa kuingia kamati ya falaji. Watu kumi."

Akashangaa. "Watu kumi? Baba, mbona hukuwahi kunambia una marafiki wote hao?"

"Ah, wapo, wapo."

Nikamsikia anavuta pumzi, na nikajua analia kidogo, maana tangu nihamie huku hakuna wiki inayopita hajaniomba nirudi Maskati, anahofu nitafia peke yangu nionekane baada ya siku tatu. Sasa ningemwambiaje kweli? Kufika asubuhi keshawaambia shangazi zake wa Nizwa, na kundi la ukoo limejaa hongera na mikono ya dua na picha za maua, na binamu mmoja ananitaka nimsaidie zamu ya maji (shamba lake liko Al Hamra, falaji nyengine kabisa, mbali huko). Nikaona hakuna kurudi nyuma. Nikanunua halwa sahani kubwa.

Ijumaa ile nikavaa kanzu mpya ya Mannan, imenikaa ajabu, nikaingia sabla, ndilo baraza la kijiji, ukumbi mrefu ambao watu wanakaa chini kuzunguka kuta na viatu wanaviacha mlangoni. Wanaume kama arobaini. Nikaambiwa nikae katikati, mbele ya Mzee Hilali. Utaratibu wao, ambao mie siujui na sikumuuliza mtu, ni kwamba karatasi inasomwa kwa sauti, na kila jina likisomwa mwenyewe anajibu "nipo" pale alipokaa na anasema maneno mawili kwa nini anamtaka mtu huyu. Niliposikia hivyo halwa ikawa nzito mapajani.

Katibu wao, mwalimu kijana anayeitwa Khalfani, akaivaa miwani akasoma. "Mannan." Kimya. Akatizama kushoto, akatizama kulia. "Mannan?" Kimya. Akasoma la pili. "Osman." Kimya. Mzee mmoja ukutani akauliza, "Osman mwana wa nani?" na mwengine akamjibu, "Si yule wa duka la dawa?" Akaenda la tatu, la nne. Kwa keshia wa pampu nikasikia mtu kakohoa, kile kikohozi cha kuficha kicheko. Khalfani maskini alikuwa na adabu, alitaka kunisitiri, basi akawa anasoma kwa haraka na kwa sauti ndogo, lakini kila jina lazima alingojee, ndio utaratibu, kwa hivyo nikapata kimya kimoja baada ya chengine na mimi katikati ya zulia. Alipofika kwa muuza samaki, mtu akasema, "Huyu Jumanne atakuja, tumngoje," na hapo sabla nzima ikaangua kicheko, na mie nikacheka pia, unajua tena, unacheka ili uonekane mmoja wao. Na wale wawili wa Sur hata majina yao yalishindwa kusomeka, waliandika juu ya usukani.

Kicheko kilipotulia ndipo sauti ikatoka mlangoni. "Nipo! Mannan nipo! Samahani, nilikuwa na mteja."

Kafunga duka siku ya Ijumaa, siku anayopata wateja kuliko zote. Kavaa shati lake jeupe, nywele kazichana kwa maji, kasimama pale penye viatu hajui kama aingie au asiingie, na utepe wa kupimia bado uko shingoni, kausahau. Ananitizama mie, anatabasamu. Watu wote wakageuka kumtizama yeye, kisha wakageuka kunitizama mie.

Mzee Hilali akaniuliza, na nakuapieni hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua tu: "Abu Muna, huyu bwana ni nani wako?"

Mngenambia niseme nini? Ningeweza kusema, huyu ni rafiki yangu. Maneno mepesi, hata kwa Kiarabu changu nayaweza. Lakini arobaini wale wananitizama na midomo yao bado ina alama ya kicheko, na mie nikaona nikisema hivyo ndiyo basi, nitakuwa yule mzee ambaye mtu wake duniani ni fundi wa barabarani. Nikasema, "Huyu? Fundi tu. Nampelekea kanzu. Simjui sana."

Nimevaa kanzu yake, jamani. Mwilini ninayo.

Na Mannan Kiarabu anakifahamu, miaka ishirini yuko nchini. Lile tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki kidogo peke yake, halafu likaondoka. Akaweka mkono kifuani, akasema "samahani" kwa watu wote, akainama kutafuta ndara zake. Sasa viatu vya watu arobaini, na ndara zinafanana, ikamchukua muda, akinyanyua moja akirudisha, na sabla nzima kimya inamtizama anatafuta, na mie natizama zulia. Ningeweza kunyanyuka hata wakati ule nikamsaidie kutafuta. Sikunyanyuka.

Alipokwisha kuondoka, Mzee Hilali akaikunja karatasi yangu taratibu akanirudishia mkononi. "Abu Muna," akanambia, "sisi mlango wako tunaupita kila siku, tunaukuta umefungwa. Tukasema huyu mtu wa Maskati kaja kupumzika, tusimsumbue. Huku kwetu anayetaka watu anauacha wazi mlango wa majlisi yake asubuhi, wakisikia kinu cha kahawa wanaingia. Hukuwa na haja ya kumwandama mtu na karatasi."

Mimi nikingoja hodi, wao wakingoja mlango. Nikasema, "Sikujua," naye akasema, "Tungejuaje kwamba hujui?"

Kisha akawageukia wenzake, wakanong'ona, akatangaza kwamba kiti kitabaki wazi mpaka apatikane mtu. Hakukuwa na mwengine aliyekitaka, mnanifahamu? Nilikuwa peke yangu kwenye kinyang'anyiro, na nikashindwa. Wakala halwa yangu, wakaisifu, wakaniombea dua, na mmoja akanirudishia sahani mlangoni kwa mikono miwili, tupu.

Muna alipopiga simu nikamwambia kamati imeahirishwa. Akasema, "Inshallah wiki ijayo," na mpaka leo naahirisha.

Jumamosi saa kumi na moja nikaenda dukani. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu usiku kucha. Mannan aliponiona akasimama, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na siku zote mie napita moja kwa moja nyuma ya meza, nakaa kwenye kigoda kilichogusana na cherehani yake, magoti yetu karibu yagongane. Siku ile akanivutia kiti cha wateja kule mbele, kile cha plastiki chini ya feni, akakifuta kwa kitambaa, akasema, "Karibu, arbab."

Arbab ndivyo wageni wanavyowaita mabwana wanaowafanyia kazi. Miaka yote mitatu aliniita Chacha, yaani ammi, baba mdogo, kwa lugha yao.

Nikamwambia, "Mannan, jana nilikosea. Nisamehe."

"Hakuna tatizo, arbab," akasema. Na hilo neno "hakuna tatizo" mnalijua, kila mgeni nchini humu analisema kwa kila mwenye nchi, ukimcheleweshea mshahara hakuna tatizo, ukimtukana hakuna tatizo. Akaniletea chupa ya maji baridi kutoka kwenye friji, ile wanayopewa wateja, akarudi kwenye cherehani yake. Nikayanywa maji. Cherehani ikalia. Nilipomaliza nikaaga, akasimama tena.

Mlango wa majlisi siku hizi nauacha wazi, kinu natwanga, na kweli wanaingia, huyu leo yule kesho kutwa, wanakunywa vikombe vitatu na kuniuliza habari za Maskati. Watu wazuri, sina la kuwalaumu. Wakitoka naangalia saa ya simu, na saa kumi na moja nakwenda kwa Mannan nakaa chini ya feni, maana sijui kwengine pa kwenda. Ananipa maji. Tunasema kumekuwa na joto.

Nimeapa kwa Mungu, na nakuapieni na nyinyi, sitarudia tena. Akitokea mtu akaniuliza mbele ya nchi nzima huyu Mannan ni nani wako, nitasimama wima nimjibu kwa sauti, na Kiarabu changu wakicheke wapendavyo. Jibu ninalo miezi saba sasa, nalijua kwa moyo. Lakini hakuna aliyeniuliza tena.